Nilikwenda bungeni Des Moines kumsemea mwenzangu wa kazini, sikuitwa. Nilikuja kuongea kanisani

Mama_Furaha_Iowa (mwanzisha uzi)

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo.

Uzi huu nimekuwa nao kwenye simu tangu Machi, naandika nafuta. Leo ni tarehe 1 Julai 2025, ile sheria ya Iowa niliyokwenda kuipinga imeanza kazi, basi naumwaga kama ulivyo.

Niko Cedar Rapids, Iowa. Nilizaliwa Uvira, nikakulia kambini Nyarugusu, hapa nina mwaka wa tisa. Nafanya kazi nyumba ya wazee, zamu ya usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Wengi wenu mnaijua kazi hiyo: geuza, osha, badilisha shuka, geuza tena.

Mwenzangu wa zamu ni mwanamke transjenda. Kwa maneno ya kawaida, alipozaliwa aliandikwa mvulana, sasa anaishi na anajulikana kama mwanamke. Jina lake sitalitaja, wala umri, wala anakotoka, na mbele mtaona kwa nini nimekuwa mkali hapo. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mzee wa kilo mia kwa shuka la kuvutia: goti kwenye ukingo wa kitanda, pumua, vuta kwa uzito wa mwili, mgongo uuache upumzike. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya kwanza. Wengine walinionyesha mashine ya kugonga kadi wakaenda zao.

Kiswahili chetu hakina "hi" na "shi". Amekuja, amekula, amelala, basi. Kwa hiyo kwa Kiingereza changu nilikuwa namchanganya kila mtu: mume wangu "shi", bibi wa chumba cha nne "hi", na mwenzangu naye siku nyingine nikamwita "hi" mbele ya wafanyakazi wote. Nikajishtukia, nikamwomba radhi hadi sauti ikakatika. Akacheka. Akasema, wewe hata mchungaji wako unamwita "shi", mimi namjua anayejikwaa na namjua anayekusudia kunipiga teke.

Sasa sheria yenyewe. Iowa ina Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1965. Moyo wake ni orodha: usimnyime mtu kazi, nyumba, shule, mkopo au huduma dukani kwa sababu ya rangi, dini, jinsi, asili ya taifa, ulemavu na kadhalika. Mwaka 2007 wakaongeza mambo mawili, mwelekeo wa kimapenzi na utambulisho wa jinsia. Hilo la utambulisho ndilo lililowakinga watu kama mwenzangu kwa miaka 18. Februari mwaka huu bunge la jimbo likalifuta. Iowa imekuwa jimbo la kwanza Marekani kulitoa kwenye sheria yake ya haki za kiraia kundi la watu ambalo tayari lilikuwa linalindwa. Tena sheria hiyo hiyo imezuia mtu kubadilisha jinsi kwenye cheti cha kuzaliwa.

Ilikwenda mbio. Jumatatu tarehe 24 muswada uko kwenye kamati ndogo. Alhamisi tarehe 27 asubuhi wananchi wakasikilizwa dakika 90, na siku ile ile mabaraza yote mawili yakapiga kura: Seneti 33 kwa 15, Wawakilishi 60 kwa 36. Ijumaa Gavana Kim Reynolds akatia saini. Mimi kupata miadi ya daktari wa meno huchukua zaidi ya hapo.

Alhamisi ile nilitoka zamu saa moja, nikaingia barabarani na macho mekundu, I-380 halafu I-80, saa mbili hivi hadi Des Moines. Jengo la bunge lina kuba la dhahabu kweli kweli, unaliona kabla hujauona mji. Nilikuwa nimejiandikisha kusema. Karatasi yangu moja, niliiandika kwa Kiswahili kwenye maegesho ya kazini, Furaha akaitafsiri. Ana miaka 16.

Hapo sasa kosa langu. Katika rasimu ya kwanza nilieleza kila kitu: jina lake, anakoishi, mambo aliyonisimulia usiku wazee wamelala. Nilidhani ndivyo ushahidi unavyotolewa. Nikamwonyesha, nikitegemea anishukuru. Akasoma kimya, akanirudishia. Akasema, hiyo ni barua yangu, na mimi sijaiandika. Maneno yanayotumwa bungeni yanawekwa wazi, mtu yeyote anayasoma. Mwenye nyumba wake pia. Nikasikia aibu ya kupita kiasi. Nikafuta, nikaanza upya na yale ya kwangu tu: mimi ni nani, nafanya kazi na nani, nimeona nini kwa macho yangu.

Waliojiandikisha walikuwa 167, na wote isipokuwa 24 walikuwa wanaupinga muswada. Dakika 90 zikaisha, mimi sijaitwa. Nikabaki chini ya kuba na mamia wengine, wanapiga kelele kwamba chuki haina nafasi katika jimbo letu, nami nimeshika karatasi yangu iliyokunjwa mara nne. Mzungu mmoja mzee akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Cedar Rapids. Akacheka kidogo, hakuendelea.

Ndani ya Baraza la Wawakilishi wa mwisho kusema kabla ya kura alikuwa Aime Wichtendahl. Huyo ni jirani yetu, anatoka Hiawatha, ukitoka Cedar Rapids huoni hata pengo. Ndiye mbunge wa kwanza wa Iowa aliye transjenda waziwazi, alichaguliwa Novemba 2024. Alisema alibadili ili kuokoa maisha yake. Machozi yalimlenga lakini alimaliza. Wabunge watano wa Republican waliacha chama chao wakapiga kura ya hapana. Hawakutosha.

Nilirudi usiku nikaingia zamu bila kulala. Mwenzangu akaniuliza, ulisema? Nikamwambia sikuitwa. Akasema, basi usiku huu chukua upande wa chumba cha kumi, mimi nitachukua wa yule anayepiga ngumi.

Ya kanisani nitaandika nikiamka.

---

kibarua_DSM

Mkuu, nimeona "bungeni Des Moines" mbio mbio nikasoma DSM, nikajua Dodoma wamehamishia Bunge Dar 😂

Mama_Furaha_Iowa

😂 Kiwanja cha ndege cha Des Moines nacho kifupi chake ni DSM. Shangazi yangu aliona kwenye tiketi yangu akaniambia, kumbe unarudi Dar, niletee dagaa.

---

Mzee_wa_Ruzizi

Binti yangu, nimesoma yote. Moyo wako ni mwema, silipingi hilo. Lakini sisi hapa ni wageni. Tulipokelewa tukiwa hatuna hata viatu. Mambo ya wenye nyumba tuwaachie wenyewe. Na Maandiko yanasema aliwaumba mwanamume na mwanamke. Leo unamsemea huyu, kesho watoto wetu watatuuliza maswali ambayo hatuna majibu yake.

Mama_Furaha_Iowa

Shikamoo mzee wangu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi mwaka wa tisa, jembe ninalo na mikono ina sugu.

La Maandiko sishindani nawe, wewe umenizidi umri na kusoma. Lakini bunge halikuulizwa Mungu aliumba vipi. Liliulizwa kama mwenye nyumba aruhusiwe kumwambia mtu toa vitu vyako kwa sababu ya vile alivyo. Turudi kwenye ile orodha, mzee. "Asili ya taifa" imo humo. Ndiyo inayomzuia mtu kusema Wakongo siwapangishi, wanapika samaki. Wewe na mimi tunaishi ndani ya orodha ile ile aliyokuwa anaishi mwenzangu. Wamefuta mstari mmoja. Nilikwenda Des Moines kwa sababu nampenda, lakini sitakudanganya, nilikwenda pia kwa sababu nimeona kwamba mstari unafutika kwa siku nne.

Mzee_wa_Ruzizi

Marahaba. Hilo la orodha nitalifikiria. Mengine bado.

---

Daraja_la_Moline

Yambo kwenu. Mimi niko upande wa pili wa Mississippi, Moline, Illinois. Kazi nafanya Davenport, Iowa. Navuka daraja kila siku, dakika chache tu. Huku Illinois utambulisho wa jinsia umo kwenye sheria tangu 2006. Kwa hiyo kuanzia leo mtu transjenda anayeishi kwangu na kufanya kazi kama mimi, akiwa katikati ya daraja anavua koti. Jioni akirudi analivaa.

Sisi tuliovuka Tanganyika na mtumbwi wa injini tunaijua hiyo. Unapanda una karatasi, unashuka huna. Maji ni yale yale.

Nyota_ya_Minneapolis

Huku Minnesota imo tangu 1993, walikuwa jimbo la kwanza kuiweka. Na kuna watu wanahama kutoka Iowa kuja huku, siyo hadithi. Mama Furaha, mwenzako anafikiria kuhama?

Mama_Furaha_Iowa

Anafikiria. Ana mama yake hapa, mgonjwa. Hebu niishie hapo.

---

Saluni_ya_Mtaa

Mimi nitasema wazi maana humu watu wanajifanya. Nina binti anakimbia mbio shuleni. Sitaki ashindane na aliyezaliwa mvulana, na vyoo vile vile. Je, kutetea hivi si kumwuza binti yangu?

Mama_Furaha_Iowa

Dada, asante kwa kuuliza bila kutukana. Ila tusichanganye miswada. Ya michezo ya wasichana Iowa ilipitishwa 2022. Ya vyoo vya shule 2023, na mwaka huo huo wakazuia matibabu ya kubadili jinsia kwa walio chini ya miaka 18. Hayo unayoyaogopa yalishafungwa kwa sheria kabla ya Februari. Waliounga mkono muswada huu walisema neno likibaki kwenye Sheria ya Haki za Kiraia, mahakama inaweza kuja kuzifuta zile nyingine. Ndiyo hoja yao, nisiwazulie. Lakini kilichofutwa hakihusu uwanja wa mbio. Ni chumba cha kupanga, mkopo, meza ya mgahawani, kazi.

Saluni_ya_Mtaa

Kazi si kuna sheria ya shirikisho? Nilisikia Mahakama Kuu ya Marekani ilishaamua.

Hakimu_wa_Kijiweni

Ngoja niingie hapo. Ndiyo, Juni 2020, kesi ya Bostock: kumfukuza mtu kazi kwa sababu ni shoga au transjenda ni ubaguzi wa jinsi, umekatazwa. Lakini sheria ile ya shirikisho inaanzia mwajiri mwenye wafanyakazi 15. Ya Iowa inaanzia wanne. Hesabu sasa: saluni yenye wasusi sita, duka la vyakula vya Kiafrika lenye watu wanane, gereji ya watu watano. Wote hao wako kwenye pengo. Na ndizo biashara zetu sisi.

Saluni_ya_Mtaa

Nina wasusi sita kamili. Umepiga chabo au?

Hakimu_wa_Kijiweni

😂 Nimebahatisha tu.

---

Roysambu_Finest

Niko Nairobi, lakini hili si la wazungu pekee kama mnavyolisema. Audrey Mbugua alipigana na baraza la mitihani hapa Kenya kwa sababu cheti chake cha sekondari kilikuwa na jina la kiume na yeye ni mwanamke. Kila akienda kutafuta kazi anaulizwa hiki cheti umeiba wapi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ikaamuru apewe cheti kipya, jina lake jipya, bila alama ya jinsi. Mkenya, jaji Mkenya, cheti cha KCSE. Hakuna mzungu hapo.

Ila naongeza kitu. Mama Furaha alipata uwanja wa kusema, hata kama hakuitwa. Kuna wenzetu Uganda, sheria ya 2023 dhidi ya ushoga ilimfanya hata mwenye kuwapangisha chumba kuwa mkosaji, hadi mahakama ilipofuta kifungu hicho Aprili 2024, na sehemu kubwa ya sheria ikabaki. Mkisema "ongea" kumbukeni nani anaongelea wapi.

Mama_Furaha_Iowa

Kweli kabisa, ndugu yangu. Nimelichukua hilo.

---

Mtoto_wa_Kigoma

Swali la kijinga labda. Mimi nina grini kadi tu, sijawa raia. Naweza kwenda kusema kwenye hayo mabunge? Siku hizi naogopa hata kupiga honi.

Hakimu_wa_Kijiweni

Si la kijinga hata kidogo. Kutoa maoni kwenye muswada hakudai uraia. Unakwenda, unajiandikisha, unasema au unaandika. KUPIGA KURA ndiko usikokaribia, na usiweke saini kwenye fomu yoyote ya kujiandikisha mpiga kura hata ukiambiwa na kijana mwenye tabasamu mlangoni. Hilo linaweza kukuharibia kila kitu. Na kama kesi yako ya uhamiaji ina kona kona, ongea na mwanasheria kwanza, mwache shujaa asubiri. Utakayoyaandika yatasomeka na jina lako, lijue hilo kabla hujabonyeza.

Na usidhani kuongea hakufai kitu. Januari 2024 muswada kama huu huu ulifika kamati ndogo hapo hapo Des Moines, watu wakajaa kwenye korido, na wabunge wote watatu wa kamati wakaukataa. Watu walishangilia hadi ndani wakasikia. Mwaka mmoja baadaye ukarudi, ukapita. Yote mawili ni kweli.

---

kibarua_DSM

Tunasubiri ya kanisani jamani. Mama amelala na uzi.

Mama_Furaha_Iowa

Nimeamka.

Jumapili baada ya kura. Ibada yetu ni ya Kiswahili, mchana, kanisa tunaazima kwa wenyeji. Baada ya ibada kuna chai na mandazi kwenye ukumbi wa chini. Mama mmoja alikuwa na simu, picha za watu waliokuwa bungeni, anapitisha. Wanacheka. "Hawa wanaume-wanawake wamefukuzwa." Picha ikafika kwangu. Ilikuwa ya msichana mdogo tu analia, kofia ya sufu, makamasi.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kumpitishia wa pembeni simu na kuchukua andazi. Nasema ukweli. Nina upatu na wale kina mama, nina harusi za watoto wao, nikiumwa wao ndio wanaokuja na uji.

Nikasema hivi, na sikusema zaidi ya hivi: "Mnakumbuka nilipoteguka mgongo mwaka juzi, nikaambiwa nisiinue kitu? Aliyeinua wazee wangu wiki tatu ili nisikatwe mshahara ni mmoja wa hao mnaowacheka. Mlikula sherehe ya Furaha kwa pesa ile."

Kimya. Birika tu linachemka. Mama mwenye simu akaizima, akasema sisi tulikuwa tunatania. Mwingine akasema Mama Furaha siku hizi amekuwa Mmarekani. Mke wa mchungaji akauliza nani anataka sukari.

Mwezi uliofuata ilikuwa zamu yangu kupokea upatu. Nikaambiwa imesogezwa mbele, kuna mwenye shida zaidi. Labda kweli alikuwepo. Nilipokea mwezi wa sita, pesa kamili, haikupungua hata senti, ila aliyeniletea hakuingia ndani.

Ndiyo bei niliyolipa. Naiandika kwa sababu humu watu huandika "tusimame nao" kana kwamba ni kubonyeza kitufe, na pia kwa sababu si bei kubwa ukilinganisha na ya mwenzangu. Pale Des Moines walikuwepo watu 143 wa kusema nilichotaka kusema, na Kiingereza chao kimenyooka. Ukumbi wa chini kwetu nilikuwa peke yangu, hakuna mwingine aliyekuwa na yale maneno, maana hakuna mwingine aliyewahi kuinuliwa wazee na mtu huyo.

Nyota_ya_Minneapolis

"Nani anataka sukari" 💀 Namjua huyo mama, kila kanisa lina wake.

Roysambu_Finest

Na mwenzako ulimwambia ya kanisani?

Mama_Furaha_Iowa

Nilimwomba ruhusa kabla ya kuweka uzi huu, nikamtafsiria mwenyewe, bila Furaha. Akasema ile ya shuka na goti iache, nzuri. Ya mama yake akasema iwe mstari mmoja. Ndiyo maana ni mstari mmoja.

Saluni_ya_Mtaa

Mama Furaha, la michezo bado sijakubaliana nawe. Ila nauliza kitu. Kuna mteja wangu, anakuja kusuka kila wiki ya pili, na nadhani ni hivyo. Msusi wangu mmoja hataki kumshika kichwa, na leo asubuhi kaniletea simu, sheria hii hapa, sasa tunaruhusiwa kumkataa. Nimwambie nini?

Mama_Furaha_Iowa

Sheria imesema hutashtakiwa na jimbo ukimkataa. Haijasema lazima umkatae. Saluni ni yako. Analipa?

Saluni_ya_Mtaa

Analipa na tipu anaacha.

Mama_Furaha_Iowa

Msuke wewe mwenyewe wiki ijayo, msusi wako akiwa amekaa kiti cha pili anaangalia.

Hakimu_wa_Kijiweni

Kwa wanaotaka tarehe: bunge la Iowa hufunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari, yaani tarehe 12 Januari 2026. Taarifa ya kamati ndogo inaweza kutoka leo kikao kikawa kesho, kwa hiyo andaa karatasi yako mapema. Ukipewa dakika mbili za kusema, ni kama maneno mia mbili hamsini. Soma kwa sauti jikoni, weka saa.

Mzee_wa_Ruzizi

Binti yangu, ule mgongo umepona?

Mama_Furaha_Iowa

Umepona mzee, asante. Baridi ikija ndiyo unanikumbusha. Saa nne na nusu hii, naingia zamu. Mtakaouliza nitawajibu kesho mchana.